Jinsi ya kupata mahali pa elementi kwenye jedwali kwa kupanga elektroni zake

Wanaoanza kemia wakifika kwenye jedwali la elementi, maswali yao huwa ni yale yale. Kwa nini potasiamu huandikwa 2.8.8.1 na si 2.8.9? Heliamu ina elektroni mbili, mbona haikai pamoja na magnesiamu? Alumini ina elektroni tatu za nje, mbona jedwali linasema kundi la 13? Na chuma je, kinahesabiwaje? Nimeona afadhali niyajibu yote mahali pamoja, kwa utaratibu unaoweza kuufuata ukiwa na penseli mkononi.

Kuna jambo moja ningependa ulishike kabla ya yote: jedwali hili halihitaji kukaririwa. Umbo lake lote, pamoja na ule mwanya mpana ulio juu katikati na zile safu mbili zilizotengwa chini, limetokana na jinsi elektroni zinavyojipanga ndani ya atomu. Ukiweza kupanga elektroni, utaipatia elementi mahali pake bila kulitazama jedwali. Na ukitajiwa mahali, utaandika mpangilio wa elektroni bila kuukumbuka kichwani. Inasikitisha kuona mtu anatumia wiki nzima kukariri visanduku ambavyo angeweza kuvijenga upya kwa dakika chache.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Jedwali la elementi ambalo makundi yake yana namba 1 hadi 18. Kama lako ni la zamani lenye namba za Kirumi, andika mwenyewe 1 hadi 18 juu ya safu za wima, ukianzia kushoto.
- Karatasi, penseli na kifutio. Utafuta sana mwanzoni, na hilo halina ubaya.
- Uwezo wa kujumlisha na kutoa. Kikokotoo hakihitajiki.
- Maneno manne. Periodi ni safu ya mlalo; ziko 7. Kundi ni safu ya wima, yako 18. Ganda ni ngazi ya nishati ambamo elektroni hukaa kuzunguka kiini cha atomu. Ganda la 1 ndilo lililo karibu zaidi na kiini. Elektroni za nje ni zile zilizo kwenye ganda la mwisho.

Hatua ya 1 hadi ya 6 zinatosha kwa elementi 20 za kwanza. Kama mtihani wako unaishia hapo, unaweza kusimama baada ya hatua ya 6 na kurukia sehemu ya kukwama. Lakini nakusihi usome na hatua ya 7, maana hapo ndipo jedwali linapoacha kuwa fumbo.

Hatua ya 1. Tafuta namba ya atomi, achana na masi

Kila kisanduku cha jedwali kina namba mbili. Moja ni namba ya atomi, yaani idadi ya protoni zilizo kwenye kiini. Nyingine ni masi ya atomi. Majedwali hutofautiana: mengine huweka namba ya atomi juu, mengine chini, kwa hiyo usitegemee mahali ilipoandikwa. Chukua iliyo ndogo. Sodiamu, kwa mfano, ina 11 na 22.99, unayoitaka ni 11.

Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko mengine yote. Mtu huchukua 22.99, huikadiria kuwa 23, kisha hupanga elektroni 23. Anachopata ni mpangilio wa vanadiamu, metali iliyo mbali kabisa na sodiamu kwa tabia na kwa mahali.

Kosa hilo lina historia inayoeleweka. Dmitri Mendeleev alipochapisha jedwali lake mwaka 1869, elementi zilizojulikana zilikuwa takriban 63 na aliziorodhesha kwa kufuata masi. Elektroni yenyewe haikuwa imegunduliwa, J. J. Thomson aliitambua mwaka 1897. Hata hivyo Mendeleev aliona kwamba masi pekee haitoshi. Teluri ina masi 127.6 na iodini 126.9, kwa hiyo iodini ingepaswa kutangulia. Yeye aliiweka teluri kwanza, kwa sababu iodini hutenda kama klorini na bromini na ilistahili kukaa nazo. Sababu ilipatikana mwaka 1913, Henry Moseley alipotumia eksirei kuonyesha kwamba kinachopanga elementi ni namba ya atomi: teluri ni ya 52, iodini ya 53. Vivyo hivyo argoni (masi 39.95) hutangulia potasiamu (39.10), kwa kuwa ya kwanza ni namba 18 na ya pili ni 19. Tungefuata masi, potasiamu, metali inayowaka ikigusa maji, ingejikuta katikati ya gesi adimu, zile za kundi la 18 kama heliamu na neoni.

Hatua ya 2. Hakikisha atomu haina chaji

Kwenye atomu isiyo na chaji, idadi ya elektroni ni sawa na idadi ya protoni. Kwa hiyo namba ya atomi inakupa zote mbili kwa pamoja.

Ukipewa ioni, yaani atomu iliyopoteza au kuongeza elektroni, irudishe kwanza kwenye hali ya atomu. Chaji ya + inamaanisha elektroni zimepotea, basi ziongeze. Chaji ya − inamaanisha elektroni zimeongezeka, basi zipunguze. Ioni ya Na⁺ ina elektroni 10. Rudisha 1, upate 11. Ioni ya S²⁻ ina elektroni 18. Ondoa 2, upate 16.

Onyo: usitafute mahali pa elementi kwa kutumia mpangilio wa ioni yake. Na⁺ ina mpangilio 2.8, sawa kabisa na neoni, lakini haijawa neoni. Protoni zake bado ni 11, na protoni ndizo zinazosema hii ni elementi gani.

Hatua ya 3. Jaza maganda kuanzia ndani

Kwa elementi 20 za kwanza, jaza hivi:

- Ganda la 1: elektroni 2, basi.
- Ganda la 2: elektroni 8.
- Ganda la 3: elektroni 8.
- Ganda la 4: zinazobaki, 1 au 2.

Usianze ganda jipya kabla lililotangulia halijafikia kiwango hicho. Andika idadi ya kila ganda ukitenganisha kwa nukta:

- Kaboni (6): 2.4
- Oksijeni (8): 2.6
- Magnesiamu (12): 2.8.2
- Salfa (16): 2.8.6
- Kalsiamu (20): 2.8.8.2

Ukimaliza, jumlisha namba zote. Jibu lazima liwe namba ya atomi uliyoanza nayo. Ni ukaguzi wa sekunde tano, na unaokoa alama nyingi.

Onyo: 2.8.8.2 ni utaratibu wa elementi 20 za kwanza tu. Wengi huufanya kuwa sheria ya atomu zote, kisha wakifika kwenye chuma wanaandika 2.8.8.8, jibu lisilo na ukweli wowote. Ganda la 3 lina nafasi ya elektroni 18. Kwa nini basi linasimama kwanza kwenye 8? Jibu liko kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 4. Hesabu maganda, upate periodi

Idadi ya maganda yenye elektroni ndiyo namba ya periodi. Kaboni (2.4) ina maganda mawili: periodi ya 2. Salfa (2.8.6) ina matatu: periodi ya 3. Kalsiamu ina manne: periodi ya 4. Hapa hakuna mtego.

Hatua ya 5. Tazama elektroni za nje, upate kundi

Chukua namba ya mwisho kwenye mpangilio wako.

- Ikiwa ni 1 au 2, hiyo hiyo ndiyo namba ya kundi.
- Ikiwa ni 3 hadi 8, ongeza 10.

Alumini ni 2.8.3. Ongeza 10 kwenye 3: kundi la 13. Salfa ni 2.8.6: kundi la 16. Argoni ni 2.8.8: kundi la 18.

Kumi hiyo inatoka wapi? Tazama jedwali lako. Kwenye periodi ya 2 na ya 3, ukitoka kundi la 2 unavuka mwanya na kutua kundi la 13. Makundi ya 3 hadi 12 yamewekewa elementi zinazoanza kujitokeza kwenye periodi ya 4, na safu hizo ziko kumi. Periodi fupi zinaruka nafasi hizo kumi, nawe kwenye hesabu unaziruka pia.

Kuna elementi mbili zinazotaka uangalifu.

*Heliamu* ina elektroni 2 na kwa kanuni ya juu ingeenda kundi la 2. Inawekwa kundi la 18. Ganda lake pekee ni la 1, na ganda hilo lina nafasi mbili tu, kwa hiyo limejaa. Heliamu haitafuti elektroni wala haiachii zake, sawa na neoni na argoni. Magnesiamu nayo ina elektroni mbili za nje, lakini ziko kwenye ganda la 3 lenye nafasi nyingi wazi, na inaziachia kwa urahisi. Namba ya nje ni ile ile, ila hali ya ganda ni tofauti, na kundi hufuata tabia.

*Hidrojeni* huwekwa juu ya kundi la 1 kwa sababu ya elektroni yake moja. Usidhani kwa hilo kwamba ni metali kama lithiamu na sodiamu zilizo chini yake. Ni gesi, na hata kukopa elektroni moja inaweza, jambo ambalo metali za kundi la 1 hazina mazoea nalo.

Hatua ya 6. Geuza njia: kutoka mahali hadi mpangilio

Huwezi kusema umeelewa mpaka uweze kurudi ulikotoka. Tuseme umeambiwa: periodi ya 3, kundi la 17.

1. Periodi ya 3 inamaanisha maganda matatu. Chora nafasi tatu: _ . _ . _
2. Kundi la 17, toa 10: elektroni za nje ni 7. Ziandike mwisho: _ . _ . 7
3. Maganda ya ndani yamejaa: 2.8.7
4. Jumlisha: 17. Elementi ya 17 ni klorini.

Fanya zoezi hili kwa elementi tano au sita unazochagua mwenyewe, kisha fungua jedwali kuhakiki. Ukiziweza bila kusita, endelea.

Hatua ya 7. Vuka 20: vijiganda na mfuatano wake

Kila ganda limegawanyika ndani kuwa vijiganda. Vimepewa herufi s, p, d na f, na kila kimoja kina nafasi zake:

- s: elektroni 2
- p: elektroni 6
- d: elektroni 10
- f: elektroni 14

Ganda la 1 lina s peke yake. La 2 lina s na p. La 3 lina s, p na d. La 4 lina zote nne. Jumlisha nafasi na utaona ganda la 1 linabeba 2, la 2 linabeba 8, la 3 linabeba 18, la 4 linabeba 32.

Sasa turudi kwenye potasiamu. Elektroni 18 za kwanza zimejaza 1s, 2s, 2p, 3s na 3p. Ya 19 ina njia mbili: iingie 3d, ambayo iko wazi, au ifungue ganda jipya kwa kuingia 4s. Elektroni hukaa mahali penye nishati ya chini zaidi palipo wazi, na kwenye potasiamu 4s iko chini kuliko 3d. Kwa hiyo inaingia 4s. Ya 20, ya kalsiamu, inafuata hapo hapo. Kuanzia skandiamu (21) ndipo 3d inapoanza kujazwa. Ganda la 3 halikuwa limejaa kwenye 8. Lilikuwa limesimama likisubiri 4s ipite.

Mfuatano wote wa kujaza ni huu. Uandike kwa mistari kama nilivyofanya, maana kila mstari ni periodi moja:

1. 1s
2. 2s 2p
3. 3s 3p
4. 4s 3d 4p
5. 5s 4d 5p
6. 6s 4f 5d 6p
7. 7s 5f 6d 7p

Jumlisha nafasi za kila mstari: 2, 8, 8, 18, 18, 32, 32. Jumla yake ni 118, na elementi zilizothibitishwa hadi sasa ni 118. Periodi ya 7 ilikamilika kwa majina manne yaliyoidhinishwa mwaka 2016, la mwisho likiwa oganesoni.

Sasa weka karatasi hiyo kando ya jedwali, utazame vizuri. Upande wa kushoto kuna safu mbili za wima: hiyo ndiyo bloku ya s, nafasi 2. Kulia kuna safu sita: bloku ya p, nafasi 6. Katikati safu kumi: bloku ya d. Chini, pale palipotengwa, kuna nafasi kumi na nne za bloku ya f, ambayo imeshushwa ili jedwali litoshee kwenye ukurasa. Upana wa kila sehemu ni idadi ya elektroni ambazo kijiganda chake kinaweza kubeba. Hapa ndipo wanafunzi wengi hunyamaza kidogo, na wana haki: mchoro waliokuwa wakiukariri umegeuka kuwa hesabu ya 2, 6, 10 na 14.

Ili kuandika mpangilio, fuata mistari hiyo mpaka elektroni zikuishie. Chuma (26):

1s² 2s² 2p⁶ 3s² 3p⁶ 4s² 3d⁶

Namba ndogo ya juu ni idadi ya elektroni; zijumlishe upate 26. Unaweza kufupisha kwa kuandika alama ya gesi adimu iliyotangulia kwenye mabano ya mraba: [Ar] 4s² 3d⁶.

Hatua ya 8. Soma mahali kutoka kwenye mpangilio mrefu

Periodi: tafuta namba kubwa kuliko zote iliyotangulia herufi. Kwa chuma ni 4, ya 4s. Onyo: elektroni ya mwisho ya chuma imeingia 3d, na wengi hukimbilia kusema periodi ya 3. Hapana. Kijiganda cha d hujazwa kikiwa nyuma kwa ganda moja, na cha f kikiwa nyuma kwa mawili.

Kundi: angalia elektroni ya mwisho iliingia kijiganda gani.

- Ikiwa ni s: hesabu elektroni za s hiyo. Jibu ni 1 au 2.
- Ikiwa ni p: elektroni za p jumlisha 12.
- Ikiwa ni d: jumlisha elektroni za s ya nje na za d hiyo.

Chuma: 2 + 6 = kundi la 8. Iodini ni [Kr] 5s² 4d¹⁰ 5p⁵: periodi ya 5, na 5 + 12 = kundi la 17. Risasi ni [Xe] 6s² 4f¹⁴ 5d¹⁰ 6p²: periodi ya 6, kundi la 14, moja kwa moja chini ya kaboni ingawa mbali nayo.

Ikiwa ya mwisho iliingia f, majedwali mengi hayampi mwenye nayo namba ya kundi. Mtafute kwenye safu mbili za chini, ya juu ikiwa ya periodi ya 6 na ya chini ya periodi ya 7. Utakuta pia majedwali yanatofautiana kuhusu nani akae kundi la 3 kwenye periodi ya 6, lanthanamu au lutetiamu. Wanakemia wenyewe wamebishana juu ya hilo kwa muda mrefu, kwa hiyo jedwali lako likitofautiana na la mwenzako, hakuna aliyekosea.

Kuna elementi zisizofuata mfuatano barabara. Mbili za kukumbuka ni kromiamu, ambayo ni [Ar] 4s¹ 3d⁵ badala ya 4s² 3d⁴, na shaba, ambayo ni [Ar] 4s¹ 3d¹⁰ badala ya 4s² 3d⁹. Elektroni moja imehama kutoka s kwenda d. Habari njema ni kwamba jumla haibadiliki: kromiamu inabaki kundi la 6 na shaba kundi la 11. Ya ajabu kuliko zote ni paladiamu (46), ambayo ni [Kr] 4d¹⁰ bila elektroni yoyote kwenye 5s. Namba yake kubwa ni 4, lakini iko periodi ya 5. Ni hiyo peke yake inayovunja kanuni ya periodi.

Hatua ya 9. Njia ya mkato kwa haraka

Ukishaelewa hatua zilizotangulia, na si kabla, jifunze namba saba: 2, 10, 18, 36, 54, 86, 118. Ni namba za atomi za gesi adimu, pale kila periodi inapoishia. Hizi ndizo pekee ninazoshauri uzikariri.

Ukipewa namba ya atomi, tafuta namba ya gesi adimu iliyo ndogo kuliko hiyo na karibu nayo zaidi, uitoe. Periodi ni inayofuata baada ya gesi hiyo. Baki linakupa kundi:

- Periodi ya 2 na ya 3: baki la 1 au 2 ndilo kundi, la 3 na kuendelea, ongeza 10.
- Periodi ya 4 na ya 5: baki lenyewe ndilo kundi. Hapa hakuna kilichorukwa, nafasi zote 18 zimejaa.
- Periodi ya 6 na ya 7: baki la 1 au 2 ndilo kundi, la 18 na kuendelea, toa 14, zile nafasi za bloku ya f. Baki la 3 hadi 17 liko kwenye safu za chini, au kundi la 3 kutegemea jedwali lako.

Bromini (35): 35 − 18 = 17. Periodi ya 4, kundi la 17. Dhahabu (79): 79 − 54 = 25, na 25 − 14 = 11. Periodi ya 6, kundi la 11, pamoja na shaba na fedha.

Mahali pakijulikana, unapata nini

Elementi za kundi moja zina elektroni za nje zinazofanana, kwa hiyo hutenda kwa kufanana. Kundi la 1 huachia elektroni moja na kutoa ioni za 1+. Kundi la 17 huchukua moja na kutoa ioni za 1−. Ukishuka ndani ya kundi la 1, elektroni ya nje inazidi kuwa mbali na kiini na kushikwa kwa udhaifu; ndiyo maana lithiamu hufukuta polepole kwenye maji ilhali sesiamu hulipuka.

Usiupeleke utabiri huu wa chaji kwenye bloku ya d. Chuma kiko kundi la 8 lakini ioni zake za kawaida ni Fe²⁺ na Fe³⁺.

Ukikwama

*Jumla hailingani na namba ya atomi.* Karibu kila mara ni ganda moja lililozidishwa. Anza upya kutoka ganda la 1. Usijaribu kurekebisha katikati.

*Umepata kundi la 5 kwa nitrojeni, kitabu kinasema 15.* Umesahau kuongeza 10. Au kitabu ulichotumia kwanza kina mfumo wa zamani, ambao huiita nitrojeni kundi la V. Ni safu ile ile.

*Elementi mbili zimekupa mpangilio mmoja.* Moja kati yake ni ioni. S²⁻, Cl⁻, Ar, K⁺ na Ca²⁺ zote zina elektroni 18 na mpangilio 2.8.8, ila protoni zake ni 16, 17, 18, 19 na 20. Rudi hatua ya 2.

*Umepewa kaboni-12 na kaboni-14, hujui uweke wapi ya pili.* Zote mbili ziko kisanduku kimoja. Zinatofautiana kwa neutroni, chembe za kiini zisizo na chaji, na neutroni hazigusi mpangilio wa elektroni wala mahali.

*Umeandika Fe²⁺ kuwa [Ar] 4s² 3d⁴ ukakosolewa.* Kwenye metali za bloku ya d, elektroni zinazotoka kwanza ni za s ya nje, ingawa ndizo zilizoingia kwanza. Jibu ni [Ar] 3d⁶. Atomu ikishapata elektroni za 3d, 4s haiko tena chini kwa nishati, na ndiyo iliyo nje zaidi.

*Kitabu kinaandika 3d⁶ 4s², wewe umeandika 4s² 3d⁶.* Zote ni sahihi. Kitabu kimepanga kwa namba ya ganda, wewe kwa mfuatano wa kujaza. Chagua mtindo mmoja ushikamane nao.

Jaribu mwenyewe

1. Tafuta periodi na kundi la elementi za namba 7, 15, 33, 51, 83 na 115. Kuna jambo utaliona.
2. Ioni ina chaji ya 2+ na elektroni 36. Elementi yake iko wapi?
3. Andika mpangilio wa elementi iliyo periodi ya 4, kundi la 12.
4. Elementi ya 119 haijapatikana bado. Kwa mfuatano wa hatua ya 7, elektroni yake ya mwisho ingeingia wapi?

Majibu: (1) Zote ziko kundi la 15, kwenye periodi za 2, 3, 4, 5, 6 na 7: nitrojeni, fosforasi, aseniki, antimoni, bismuthi na moskoviamu. (2) Rudisha elektroni 2 upate 38; 38 − 36 = 2, kwa hiyo periodi ya 5, kundi la 2: strontiamu. (3) [Ar] 4s² 3d¹⁰, zinki. (4) 8s, mwanzo wa periodi ya 8, kundi la 1, chini ya fransiamu.